Commodore Imerudi, Kiwanda Hakijarudi

Katikati ya mwaka 2025 jina la Commodore, kampuni ya kompyuta za nyumbani iliyofilisika mwaka 1994, lilipata mwenyewe mwingine. Christian Simpson, mtengeneza video za kompyuta za zamani kwenye YouTube, alitangaza kwamba yeye na wenzake wamelinunua, na muda si mrefu wakaanza kupokea oda za mashine mpya iitwayo Commodore 64 Ultimate, bei ya kuanzia dola 299. Mwezi Septemba mwaka huo huo Microsoft nayo ikaweka hadharani msimbo wa BASIC yake ya kichakataji cha 6502, lugha ya kuandikia programu iliyokaa ndani ya kompyuta za Commodore tangu mwanzo. Watu waliokuwa watoto mwaka 1983, leo wana mvi, wakafungua pochi zao. Waandishi wa teknolojia wakashangilia kwamba kampuni imefufuka.

Sherehe sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na maelezo yanayoambatana nayo. Tunaambiwa kwamba Commodore ilikuwa ile mashine yenyewe: boksi la rangi ya udongo, herufi za bluu, sauti ya michezo ya utotoni, hivyo ukirudisha boksi na jina umerudisha kampuni. Mimi naona Commodore ilikuwa namna ya kupanga bei. Namna hiyo iliwezekana kwa sababu kampuni ilimiliki kiwanda cha chipu, na kiwanda kilinunuliwa kwa sababu mwanzilishi wa kampuni, Jack Tramiel, aliwahi kukabwa koo na mtu aliyekuwa akimuuzia chipu. Bila kuufuata mkondo huo mtu ataishia kumtukuza Tramiel kwa jambo asilolifanya, au kumlaani kwa jambo ambalo si lake.

Tramiel alizaliwa Łódź, Poland, Desemba 1928, katika familia ya Kiyahudi. Wajerumani walipoingia alikuwa na miaka kumi. Familia ikafungiwa kwenye geto la mji huo miaka kadhaa, kisha mwaka 1944 ikapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kutoka huko yeye na baba yake walihamishiwa kambi ya kazi ya Ahlem, nje kidogo ya Hannover, na baba akafia huko. Mwezi Aprili 1945 askari wa Marekani walipofika, Tramiel alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Mwaka 1947 akahamia Marekani, akajiunga na jeshi, na humo jeshini akapewa kazi ya kutengeneza mashine za ofisini, hasa taipureta. Msomaji anayewakumbuka mafundi wa taipureta waliokuwa wakikaa karibu na majengo ya mahakama, na brashi zao na vikopo vya mafuta ya cherehani, anaweza kupata picha ya kazi yenyewe: vidole vyeusi, vyuma vidogo vidogo, na mteja amesimama kando anauliza ni shilingi ngapi. Tramiel alitoka jeshini na ufundi huo, akaendesha teksi, akafungua karakana New York. Katikati ya miaka ya 1950 akahamia Toronto na kuanzisha kampuni ya kuuza taipureta. Alitaka jina lenye cheo cha kijeshi. Kwa simulizi yake mwenyewe, Jenerali na Admirali yalikuwa yameshachukuliwa.

Mikasa miwili iliyofuata inaeleza mengi kuliko watu wanavyodhani. Wa kwanza ulitokea mwaka 1965, kampuni ya mikopo ya Atlantic Acceptance ya Kanada ilipoanguka kwa kishindo. Mkuu wa kampuni hiyo alikuwa pia mwenyekiti wa Commodore, na Commodore ilikuwa ikiishi kwa fedha zake. Tramiel hakufunguliwa mashtaka, lakini mabenki yalimkimbia. Aliyemwokoa ni tajiri wa Kanada, Irving Gould, aliyeingiza fedha na kuchukua sehemu ya umiliki. Tangu siku hiyo mwanzilishi alikuwa na mtu juu yake. Hilo tutalirudia.

Mkasa wa pili unahusu vikokotoo, na simaanishi kile cha mafao ya wastaafu. Taipureta zilipoanza kuingia kutoka Japani kwa bei ya chini, Tramiel alihamia kwenye mashine za kupigia hesabu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikokotoo vya mfukoni vya Commodore vilikuwa vikiuzika vizuri. Ndani yake kulikuwa na chipu za kununua, nyingine kutoka Texas Instruments. Kisha Texas Instruments wakaona wao wenyewe wanaweza kutengeneza kikokotoo kizima. Fikiria mama anayeuza maandazi, ananunua unga kwenye duka la jirani, halafu siku moja mwenye duka anaweka meza yake ya maandazi na kuyauza kwa bei isiyomlipia mama huyo hata unga. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1975 bei ziliporomoka, na Commodore ikapata hasara iliyokaribia kuizika.

Somo alilolichukua Tramiel lilikuwa la kimahesabu kabisa: anayenunua chipu kwa mshindani wake anafanya biashara kwa hisani. Mwaka 1976 akainunua MOS Technology, kampuni ndogo ya chipu ya Norristown, Pennsylvania, ambayo nayo ilikuwa imechoka, baada ya soko la vikokotoo kuvunjika na kesi iliyofunguliwa na mshindani wake, Motorola, kuimaliza nguvu. Alikuwa anatafuta chipu za vikokotoo. Pamoja na kiwanda akapata mhandisi aitwaye Chuck Peddle, na kichakataji cha 6502 ambacho Peddle na wenzake walikuwa wamekiuza kwa dola 25 kwenye maonyesho ya San Francisco mwaka 1975, wakati vya washindani vilikuwa vikitajwa kwa mamia ya dola. Peddle ndiye aliyemshawishi kwamba zama za vikokotoo zimekwisha na kwamba mashine ya kutengeneza sasa ni kompyuta. Matokeo yakawa PET ya mwaka 1977, mashine kamili yenye skrini, kibodi na kaseti katika boksi moja.

Kwa hiyo ni halali mtu kusema Tramiel hakubuni chochote. Kichakataji ni cha timu ya Peddle. Chipu ya sauti ya Commodore 64, iitwayo SID, ni ya mhandisi Bob Yannes. BASIC ni ya Microsoft, na hapa Tramiel alifanya biashara ambayo Bill Gates hakuisahau: alilipa mara moja tu, akaitumia kwenye mashine baada ya mashine bila kulipa senti nyingine. Wanaoitoa hoja hii huitoa kama shutuma. Naikubali, ila shutuma siioni. Uvumbuzi wa kompyuta ya nyumbani ulikuwa umeshafanyika kabla yake. Apple II, iliyotumia 6502 hiyo hiyo, ilitoka mwaka 1977 pia, na ilibaki bidhaa ya wenye nacho kwa miaka mingi. Kilichokuwa hakijafanyika ni kumfikishia kompyuta mtu ambaye mshahara wake unaisha tarehe ishirini.

Hapo ndipo kiwanda kilipofanya kazi yake. VIC-20 ilipofika Marekani mwaka 1981 iliuzwa chini kidogo ya dola 300, na ikawa kompyuta ya kwanza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Commodore 64 ilionyeshwa Las Vegas Januari 1982, ikaingia sokoni Agosti mwaka huo kwa dola 595, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 ambayo wengine waliiuza kwa zaidi ya mara mbili ya fedha hizo. Gharama ya kuitengeneza ilikadiriwa kuwa dola 135. Tafakari nafasi iliyo kati ya namba hizo mbili. Kampuni inayonunua chipu ya picha, ya sauti na kichakataji kwa watu watatu tofauti humlipa kila mmoja gharama na faida yake. Commodore ilijilipa yenyewe. Wahandisi wake waliweza pia kuchora chipu, kuipeleka kiwandani, kuiona ina kasoro, kuirekebisha na kuirudisha, bila kupanga foleni kwa mtu. Ndiyo maana mashine ile ilikamilika kwa haraka kiasi kile, na ndiyo maana bei ya dola 595 haikuwa bei halisi. Ilikuwa akiba ya risasi.

Zilianza kufyatuliwa mwaka 1983. Kufikia katikati ya mwaka, Commodore 64 ilikuwa ikipatikana kwa takribani dola 200. Ikatangazwa kwamba anayeleta kompyuta au mashine ya michezo ya kampuni yoyote atapunguziwa dola 100. Watu wakanunua vikompyuta vya Timex Sinclair vya chini ya dola 50 kwa ajili ya kuvibadilisha tu. Texas Instruments, walewale wa vikokotoo, walikuwa na kompyuta yao, TI-99/4A. Waliishusha bei hadi dola 99 wakijaribu kukimbizana, na Oktoba 1983 wakatangaza kwamba wanajitoa kwenye soko hilo. Atari, kampuni ya michezo ya video na kompyuta, ilimpatia mmiliki wake, Warner, hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Mattel wakaondoka, na Timex wakafuata. Tramiel alipenda kusema kwamba biashara ni vita. Mwaka ule maneno hayo hayakuwa tamathali.

Kwa nini alipigana hivyo? Jibu linalopendwa na wengi, na ambalo naliona dhaifu kuliko yote, ni kwamba Auschwitz ilimfanya awe hivyo. Aliyeponea kambini, wanasema, hawezi kumhurumia mshindani. Jibu hili lina sura ya heshima lakini ndani yake hamna kitu. Walioponea kambini walikuwa watu wengi, wakawa walimu, washonaji, wauguzi, wakulima, wapole na wakali. Mkewe Helen naye alipitia kambi, na hakuna anayelitumia hilo kueleza tabia yake. Jibu hilo pia linaficha kumbukumbu zilizo wazi. Mwaka 1965 aliona kampuni ikikaribia kufa kwa sababu fedha zake zilikuwa za mtu mwingine. Mwaka 1975 aliona ikikaribia kufa tena kwa sababu chipu zake zilikuwa za mtu mwingine. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Gikomba aliyewahi kufungiwa mzigo na msambazaji wake anaielewa hasira hiyo bila kuhitaji maelezo ya vita vya dunia. Zaidi ya hapo, Tramiel alifungua kiwanda cha kuunganisha mashine Braunschweig, mwendo mfupi kwa gari kutoka Ahlem alikofia baba yake, na Ujerumani ikawa moja ya masoko yake makubwa. Historia yake hakuificha, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi lililofunguliwa Washington mwaka 1993. Ila hakuitumia kuchagua wateja.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni la upande mwingine, na linatoka Uingereza. Clive Sinclair aliuza kompyuta yake ya ZX81 kwa pauni 69.95 mwaka 1981 bila kumiliki kiwanda cha chipu wala cha kuunganisha. Chipu yake maalumu alitengenezewa na Ferranti, na mashine ziliunganishwa na Timex huko Dundee. Kama bei inategemea kiwanda, yeye aliitoa wapi? Jibu langu la kwanza ni kwamba Sinclair aliipunguza mashine yenyewe: kilobaiti moja ya kumbukumbu, kibodi bapa ya plastiki isiyobonyea, hakuna rangi, hakuna sauti. Tramiel alishusha bei ya mashine kamili. Jibu hilo linatosha kwa ZX81. Kwa ZX Spectrum ya mwaka 1982, yenye rangi na kilobaiti 48 kwa pauni 175, halitoshi vizuri, na nakiri hivyo. Waingereza wengi walijifunza kuandika programu kwenye Spectrum, na Commodore 64 haikuipiku nyumbani kwake. Ninachoweza kusema ni kwamba Sinclair hakuwa na pa kurudi nyuma mambo yalipobana. Mwaka 1986 aliiuza biashara yake ya kompyuta kwa mshindani wake, Amstrad, kwa pauni milioni 5. Bei ndogo bila kiwanda inawezekana. Kinachokosekana ni pumzi ya kuishikilia mwaka wa tatu na wa nne.

Wako pia wanaosema Tramiel aliua soko, na hoja hii ina uzito kuliko mashabiki wanavyopenda kukubali. Wenye maduka waliopokea shehena kwa bei ya juu waliamka siku moja wakakuta mashine ileile ikiuzwa na minyororo ya maduka makubwa kwa bei iliyo chini ya waliyonunulia wao. Waliodai fedha zao Commodore walisubiri. Wengi wa wafanyabiashara hao hawakuisamehe kampuni hiyo, na Commodore ilipotaka baadaye kuuza mashine ya ofisini ilikuta milango imefungwa. Peddle mwenyewe aliondoka mwaka 1980, na yeye na Commodore wakaishia kushtakiana.

Na kuna deni jingine, ambalo halitajwi kabisa kwenye makala za kusifu. Kutengeneza chipu kunahitaji viyeyusho vya kusafishia. Kwenye kiwanda cha Norristown kimojawapo, trikloroethilini, kilivuja kutoka kwenye tangi la chini ya ardhi na kuingia kwenye maji ya visima. Uchafuzi uligundulika mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwanda kikiwa tayari mali ya Commodore, na mwaka 1989 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaliweka eneo hilo kwenye orodha ya taifa ya maeneo yenye sumu yanayopaswa kusafishwa. Tramiel alikuwa ameshaondoka zamani. Lakini mtu akiuliza kwa nini mashine ile iligharimu dola 135, sehemu ya jibu iko kwenye visima vile. Alipenda kusema kompyuta zake ni za umma, si za tabaka la juu. Umma wa Norristown ulilipia zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye boksi.

Januari 1984, miezi michache baada ya Texas Instruments kusalimu amri, kampuni ikielekea kumaliza mwaka wake wa fedha na mauzo ya zaidi ya dola bilioni moja, Tramiel alitoka kwenye kikao cha bodi na hakurudi. Ugomvi ulikuwa kati yake na Gould, yule tajiri wa mwaka 1965, kuhusu nani anashika usukani na nafasi ya wanawe Tramiel ndani ya kampuni. Deni la Atlantic Acceptance lililipwa siku hiyo, na riba yake. Wachambuzi wengi wanaishia hapa na kusema: mwanzilishi aliondoka, kampuni ikafa. Commodore ilifilisika Aprili 1994, miaka kumi na miezi mitatu baadaye, kwa hiyo simulizi inapendeza.

Mimi naona kilichofuata ni kipimo bora cha hoja yangu kuliko kufilisika kwenyewe, kwa kuwa mtu na kiwanda vilitengana. Julai 1984 Tramiel alichukua kitengo cha kompyuta na michezo ya nyumbani cha Atari kutoka kwa Warner, bila kutoa fedha taslimu, kwa hati za ahadi ya kulipa za takribani dola milioni 240. Akawa na jina kubwa, wahandisi kadhaa waliomfuata kutoka Commodore, na silika ileile. Chini ya mwaka mmoja akawa na Atari ST, mashine nzuri iliyouzwa chini ya dola 1,000 pamoja na skrini, na ambayo wanamuziki waliipenda kwa sababu ya milango yake ya kuunganisha vinanda. Lakini kichakataji chake kilitoka Motorola. Kila alipotaka kushusha bei zaidi alikutana na ankara ya mtu mwingine, kama mwaka 1975. Commodore kwa upande wake ilibaki na kiwanda bila mtu wa kukitumia kama silaha. Ilinunua kampuni ya kompyuta ya Amiga, ikawa na chipu bora za picha za wakati wake, na haikujua izifanyie nini. Atari ya Tramiel ilijikokota hadi mwaka 1996, ikaunganishwa na kampuni ya diski iitwayo JTS. Yeye alifariki Aprili 2012, akiwa na miaka 83.

Tukirudi sasa kwenye jina. Tangu 1994 limepita mikononi mwa Escom ya Ujerumani, iliyofilisika mwaka 1996, kisha Tulip ya Uholanzi, kisha wengine, na mwaka 2015 lilibandikwa hata kwenye simu. Kila mnunuzi alidhani amenunua Commodore. Simpson na wenzake wamefanya kazi ya uangalifu kuliko wengi waliowatangulia, na mtu anayetaka kumwonyesha mwanawe jinsi kompyuta ilivyokuwa ikiwaka na kumngoja mtu aiambie la kufanya hatajutia dola 299. Lakini bei hiyo ni ya bidhaa ya kumbukumbu, inayolipwa na watu wanaoweza kuilipa. Commodore ya Tramiel isingemuuzia mtu wa mvi. Ingekuwa inamtafuta mtoto wake, au mtoto wa jirani asiye na kompyuta, na ingekuwa imeshamkosesha usingizi mtu anayeuza simu.

Hilo lina maana kwetu pia, ingawa si kwa namna inayosemwa majukwaani. Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi mashuleni mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Moi na Jomo Kenyatta viliviunganisha hapo hapo nchini pamoja na washirika wa nje, na viongozi wakasema tumeanza kutengeneza. Kuunganisha ni kazi halali na inafundisha vijana. Haimpi mtu mamlaka juu ya bei. Sinclair aliunganishiwa, Atari ya Tramiel iliunganisha, na wote wawili waligota mahali pamoja: chipu inapanda bei na wewe unapanda nayo. Lakini siwezi pia kuandika kwamba dawa ni kila nchi ijenge kiwanda chake. Kiwanda cha Norristown kilinunuliwa kikiwa hoi, na mtu mmoja aliyeuza taipureta. Cha leo kinagharimu mabilioni ya dola, na watu wanaoweza kukijenga wanahesabika.

Hata Commodore 64 Ultimate inalithibitisha hilo ukiifungua. Hamna 6510, kichakataji cha Commodore 64 ya zamani, ndani yake, wala SID iliyotengenezwa Pennsylvania. Kuna chipu moja inayoweza kupangwa upya ikaigiza zote, na inatoka AMD, kampuni ya chipu ya Marekani. Na AMD yenyewe viwanda vyake iliachana navyo mwaka 2009.